Mistari Kumi na Miwili Niliyoifuta

Jana mmoja wenu, sitamtaja jina, alinifungulia kompyuta yake akanionyesha kazi yake ya juma zima. Alikuwa anacheka peke yake kama bwana harusi. "Mama Balai, nimefuta mistari mia nne, na programu bado inatembea!" Nikamwambia hongera. Kisha nikamwuliza: ile mistari mia nne aliiandika nani, na aliiandika kwa sababu gani? Akanitazama kana kwamba nimemwuliza jina la babu wa babu yake. "Ilikuwa uchafu tu, mama." Nilirudi nyumbani na hasira, nikakata vitunguu vingi kuliko vilivyohitajiwa, mwisho nikaona heri nichukue kalamu.

Basi ketini, nyinyi wote mnaofurahia kufuta. Sisemi msifute. Mimi mwenyewe jina la Balai, yaani ufagio, nilipewa kazini kwa sababu sikuweza kuona mstari uliorudiwa mara mbili nikalala salama. Nimefagia programu miaka mingi mpaka macho yakachoka. Nataka tu niwasimulie siku ufagio wangu ulipofagia mtu.

Nitajitahidi kuandika Kiswahili cha shule ili hata msomaji wa Dodoma anielewe. Lakini mimi ni mzaliwa wa Kenya, ninasema Kenya yetu, komini, yaani mtaa mkubwa, wa hapa Lubumbashi, wala si nchi ya watu. Kiswahili cha Kenya kikitaka kutoka, sitakifungia mlango.

Kazi niliianzia katika chumba cha mashine cha kampuni kubwa ya shaba. Mashine zilitaka baridi, basi nje jua linachoma, sisi ndani tumevaa sweta. Mama mkwe wangu aliponiona natoka nyumbani na sweta mwezi wa kumi alidhani nina malaria isiyopona, akawa ananichemshia majani. Programu zilikuwa kwenye kadi za karatasi ngumu zenye matundu, kila kadi mstari mmoja, na ukitaka kurekebisha mstari unatoa kadi unatia nyingine. Juma langu la kwanza niliangusha sanduku zima la kadi sakafuni. Zilitawanyika mpaka chini ya makabati. Nikaanza kulia.

Mkubwa wetu wa zamu alikuwa Papa Kalenga, mtu mfupi, mwenye sauti ya chini, ambaye katika miaka yote sikumsikia akipiga kelele hata mara moja. Alipiga magoti akaokota pamoja nami. Kisha akachukua bunda lingine la kadi, akanionyesha ubavuni mstari wa kalamu uliochorwa kwa mshazari toka kadi ya kwanza mpaka ya mwisho. Mimi nilikuwa nimeuona ule mstari nikadhani ni mchezo wa mtu asiye na kazi. "Kadi ikipotea njia, mustari unavunjika, unaiona palepale," akasema. "Mutoto, kila kintu unaona hapa unawaza hakina maana, kuko muntu kilishamuliza machozi." Sanduku nililoangusha mimi halikuwa na mstari huo. Tulipanga kadi siku mbili.

Ah, ule wakati! Saa nne tulikuwa tunatoka nje kuota jua kidogo, tunakunywa munkoyo baridi wa mahindi ambao mke wa Papa Kalenga alikuwa anautengeneza, tunatazama bomba refu la kiwanda linavyotoa moshi. Bomba likitoa moshi, mji ulikuwa unakula. Hatukujua kama tuna furaha. Tulidhani ni kazi tu.

Halafu mambo yakaanguka. Mshahara ukachelewa, kisha ukawa unga, kisha unga nao ukaisha. Siku za uporaji zikaja, watu wakabeba kila kitu mpaka viyoyozi. Nilimwona baba mmoja amebeba kibodi kichwani, kibodi tupu bila kompyuta. Nikamwuliza ataifanyia nini. "Mama, ntaona huko mbele," akajibu, akaendelea na safari yake. Chumba chetu cha baridi kikabaki kuta na waya. Nilizitundika sweta zangu ukutani nyumbani nikawa naziangalia tu.

Na vita navyo vikaja, nchi ikakatwa vipande viwili. Sisi huku upande mmoja, watu wa Butembo na Beni kule Kivu ya Kaskazini upande mwingine. Barua hazikupita. Simu hazikupita. Ndege hakuna. Mtu angeweza kuwa na mama yake mzazi katika nchi ileile moja, na asijue kama yu hai.

Hapo ndipo Papa Kalenga alipokuja kunigongea mlango. Alikuwa amekodi chumba kimoja Kenya, nyuma ya karakana ya fundi wa kuchomelea aliyeitwa Ilunga. Wafanyabiashara Wanande waliotoka Butembo, wale wenye maduka ya jumla na malori, watu wa kanisa na kazi, walikuwa wamenunua antena za satelaiti, moja huku na moja kule kwao. Walitaka programu: ukiandika neno Lubumbashi, palepale lionekane Butembo, na wa kule akujibu. Tuliiita Itika. Niliposikia jina lile tu, nikachukua sweta yangu ingawa chumba kile kilikuwa moto kama jiko.

Maneno yalikuwa kazi nyepesi. Kazi ngumu ilikuwa kutuma faili: picha, barua zilizopitishwa kwenye skana, karatasi za forodha. Antena ilikuwa na nguvu ndogo na umeme ulikuwa unakatika unavyotaka. Kwa hiyo Papa Kalenga aliikata kila faili vipande vidogo, kama mtu anayehamisha gunia la unga kwa kikombe. Kipande cha kwanza kinaenda, upande wa pili unajibu nimekipata, leta cha pili. Umeme ukikatika kwenye cha ishirini, ukirudi unaanza cha ishirini, si cha kwanza. Vipande vyote vikifika, programu inaviunga kuwa faili, inaipa jina lake, inamjibu aliyetuma: imepokelewa. Leo nyinyi mnatuma harusi nzima kabla chai haijapoa. Sisi picha moja ilikuwa inatembea tangu asubuhi mpaka karibu na mchana, na tulikuwa tunaisindikiza kwa macho.

Adui yetu mkubwa hakuwa vita, alikuwa Ilunga. Akianza tu kuchomelea, taa zinafifia na kompyuta inazimika. Nilikuwa nakimbia nje mikono juu. "Papa Ilunga, pole, ngoja kidogo, tuko na picha mu njia!" Naye anainua kioo chake cha macho: "Mama, picha yenu iko na maana kupita hii mulango ya kanisa? Pasta anaingoja tangu juzi!" Tulikuwa tunabembelezana hivyo kila siku. Mwisho tukakubaliana nitundike kitambaa chekundu dirishani picha ikiwa njiani, na asipochomelea nimpelekee munkoyo.

Sasa nije kwenye kufagia. Programu ikiishi mwaka mmoja inajaa vitu. Kuna jina la ovyo kama x2 ambalo lingeitwa tu "kipande". Kuna kazi ileile imeandikwa mahali patatu kwa sababu siku ile mtu alikuwa na haraka. Kuna ujumbe wa onyo ambao hakuna anayeusoma. Kusafisha vitu hivyo ni raha, mimi siwezi kusema uongo, ni raha kama kuosha vyombo vya sherehe na kuvipanga. Ila Papa Kalenga alikuwa na sheria yake: usafi mmoja, kisha ngoja majuma mawili. Usilete viwili kwa pamoja. Kitu kikivunjika, ujue ni mkono wako upi umekivunja. Niliona sheria hiyo ni ya wazee wa kadi. Nilikuwa na haraka ya kumaliza.

Na kulikuwa na jambo jingine. Papa Kalenga hakuandika maelezo ndani ya programu. Zamani kila neno la maelezo lilikula kadi, na mazoea hayo hayakumtoka. Sababu za kila kitu alikuwa anaziandika kwenye daftari lake la shule lenye jalada la buluu, lililokaa juu ya meza siku zote. Nilijua kwamba daftari lipo. Nilikuwa naweka kikombe changu cha chai juu yake.

Basi siku moja, nikiwa nafagia upande wa kupokea faili, nikakuta mistari kumi na miwili mibaya kweli kweli. Ilikuwa inasema hivi: faili ikifika na tayari kuna faili yenye jina lilelile, usiiguse ile ya kwanza, angalia nani ametuma, angalia saa, tafuta namba, mpe mgeni jina jipya lenye namba, muweke kando. Aka! Nikafungua folda ya kupokelea, nikaona kambale, kambale-2, kambale-5, kambale-9. Diski yetu ilikuwa karibu kujaa. Nikajisemea: réseau, yaani mtandao, inakatika, watu wa Butembo wanatuma kitu kilekile mara tisa, na sisi tunakihifadhi mara tisa kama wajinga. Nikafuta mistari yote kumi na miwili, nikaweka mmoja: jina likiwa tayari lipo, jibu "imepokelewa", acha. Nikahamisha na faili zote za zamani kwenye diski nyingine ili folda ianze upya. Mstari mmoja mahali pa kumi na miwili! Nilikunywa chai kwa furaha.

Nilikuwa pia nimeandaa usafi wa pili, wa kufuta kila asubuhi vipande vilivyobaki bila kuungwa. Nikampelekea Papa Kalenga vyote viwili. "Wa kwanza ni nini?" Nikasema nimeondoa marudio. Hakuangalia. Aliniamini, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. "Tia ule wa kwanza. Wa pili utangoja juma mbili."

Sasa sikilizeni hali ilivyokuwa mpakani. Kijana wa Butembo aliyetaka kuja kwa ndugu zake Lubumbashi hakuweza kupita katikati ya nchi, kulikuwa na vita. Alikuwa anazunguka: Uganda, Tanzania, Zambia, halafu anaingilia Kasumbalesa, mpaka wetu na Zambia. Na pale, kijana anayetoka upande ule wa vita alikuwa anahesabiwa mwasi mpaka ndugu yake aje kumshuhudia, na karatasi yenye picha yake mkononi. Karatasi hizo zilikuwa zinapita kwenye Itika yetu. Butembo wanatuma, sisi tunachapa, ndugu anabeba anakwenda Kasumbalesa. Kama karatasi haikufika, kijana anafungiwa, na siku zile watu waliofungiwa walikuwa wanahamishwa, na wakihamishwa ulikuwa hujui tena uwaulizie wapi.

Masika alikuwa mama wa Kinande mwenye duka la vitenge karibu na soko la Kenya. Alikuwa anamngoja mdogo wake, Kambale. Baba yao alikuwa ametoka kufa kule, na ndugu hawa wawili walikuwa wamebaki peke yao. Walikuwa pia wamegombana kabla ya vita, Masika alinieleza mwenyewe: kijana alikataa kuja kusaidia duka, dada akamwandikia maneno makali, na barua ile kali ndiyo ilikuwa ya mwisho kupita. Sasa kijana alikuwa amekubali kuja.

Asubuhi ya kwanza Masika alikuja. "Mama Balai, karatasi ya Kambale imefika?" Butembo walikuwa wameandika kwamba wametuma na wameona "imepokelewa". Nikatazama orodha ya kazi, nikaona karatasi ya Kambale ilishachapwa na mtu akaichukua jana yake, lakini si Masika. Sikujisumbua kufikiri. Nikasema neno ambalo mafundi wote wa Congo wanalisema wasipotaka kufikiri: "Réseau, mama."

Asubuhi ya pili: réseau. Asubuhi ya tatu nilitaka kuwauliza Butembo watume tena, Butembo wakawa kimya. Mapigano yalikuwa yamekaribia mji, wakaing'oa antena yao wakaificha. Asubuhi ya nne, ya tano, ya sita: réseau, mama, réseau. Habari ikaja kwa dereva wa lori kwamba Kambale yuko Kasumbalesa tangu juma lililopita, amefungiwa katika kontena, na kwamba Ijumaa watamhamisha. Masika akaanza kukonda tukimwona. Na bado siku ya saba alikuja na sufuria, maharage na ndizi za kupika. "Kuleni kwanza. Munateseka na hii réseau yenu." Tukala. Vilikuwa vitamu.

Siku ya nane, Jumatano, alisimama nyuma yangu, akaona jina kwenye kioo. "Mama! Si Kambale huyu?" Nikamfungulia picha. Akainama, akatikisa kichwa. "Aa. Huyu ni Kambale wa Mama Kanyere, ule makanika. Alisha kupita zamani. Wangu ni mwingine."

"Wanaitwa jina moja?"

"Mama Balai, shi kwetu tunaita batoto kwa kufwatana! Binti wa kwanza ni Masika, njo mimi. Kijana wa pili ni Kambale. Kila nyumba iko na Kambale. Simama ku soko ya Butembo uite Kambale, nusu ya soko itageuka."

Nilisikia miguu inakuwa baridi na sweta sikuivaa. Papa Kalenga alikuwa kwenye meza yake. Aliinuka, akatoa kikombe changu juu ya daftari la buluu, akafungua ukurasa, akaniwekea mbele. Mwandiko wake mdogo ulikuwa unasema: *Ba Kambale beko bengi. Majina itafanana. Usifute hii.* Juu ya maneno kulikuwa na duara la chai yangu.

Nawaeleza nilichofanya. Karatasi ya makanika ilifika kwanza. Saa tatu baadaye ikafika ya mdogo wake Masika, jina lilelile, na mstari wangu mzuri ukajibu Butembo "imepokelewa", ukaiacha. Vipande vilikuwa vimefika vyote. Havikuungwa tu. Na kama ule usafi wangu wa pili ungekuwa umetiwa siku ileile nilivyotaka, vingefutwa asubuhi iliyofuata. Sheria ya mzee wa kadi ndiyo iliyoviokoa.

Nikaenda dirishani kutundika kitambaa chekundu. Ilunga akaniona sura, akazima chombo chake mwenyewe, akaja kusimama mlangoni. Nikaanza kuunga vipande kwa mkono, kimoja baada ya kingine. Arobaini na kimoja. Picha ilikuwa inajichora toka juu kwenda chini: nywele, paji la uso, jicho. Masika akanishika bega. "Ni yeye! Jicho lile ni la baba! Ni yeye!" Alikuwa ananibana mpaka inauma. Kwenye cha ishirini na sita tukapata ufa, kipande kilikuwa kimeharibika, pakabaki mkanda wa kijivu unaopita shingoni. Chini yake karatasi iliendelea: jina la baba, jina la dada, muhuri.

"Kumbe ilikuwa wapi siku zote hizi?" Masika akauliza huku anafuta machozi.

Kichwa changu kilijua jibu. Kinywa kikasema: "Réseau ilikuwa imeificha, mama."

Papa Kalenga alikohoa. Masika alipotoka kutafuta gari ndipo aliponigeukia. "Enda naye ku Kasumbalesa. Karatasi iko na kidonda. Ule aliitia kidonda njo atafasiria." Nikamwambia mkubwa wa mpaka anaweza kuelewa bila mimi. "Sisemi mukubwa wa mpaka," akasema, akarudi kwenye meza yake.

Nitawaambia kwanza yaliyofuata baada ya safari, kisha nimalizie Kasumbalesa, maana moyo wangu mpaka leo uko kule. Niliirudisha ile mistari kumi na miwili, na mara hii nikaandika sababu palepale juu yake, maneno mengi kuliko mistari yenyewe. Tangu hapo sikufuta kitu cha mtu kabla sijamtafuta mtu huyo nikamwuliza, na kama amekufa namwuliza mjane wake. Papa Kalenga naye alianza kuandika ndani ya programu, polepole, kama mtu anayejifunza kuvaa viatu vipya. Amekufa sasa. Daftari liko kwangu, na mnaruhusiwa kuja kulisoma, ila kikombe mkiache nje. Ninamkumbuka kila ninapoona vijana wamekaa mbele ya kioo wanacheka. Ninaikumbuka na ile harufu ya chuma cha Ilunga. Ningetoa vingi ili nikae tena siku moja katika chumba kile chenye joto, tukisindikiza picha.

Basi, Kasumbalesa. Malori yamepanga mstari usio na mwisho, wabadilisha fedha wanapiga kelele, vumbi jekundu mpaka kwenye meno. Mkubwa wa pale alichukua karatasi, akaigeuza. "Picha hii imekatwa shingo. Huyu mama wa pili ni nani?" Nikasema mimi ni fundi wa kompyuta, nikamweleza kipande kilichoharibika. Alimwuliza Masika jina la baba, la mama, la kijiji. Akaenda kumwuliza kijana hayohayo. Tulingoja juani. Masika alikuwa anaomba kwa Kinande, midomo tu inacheza. Mwishowe mkubwa akatia sahihi.

Kambale akatoka. Kijana mrefu, hana mkanda, viatu havina kamba, jua linamuumiza macho. Masika akafungua mikono. Yeye akampita. Akanipita na mimi. Akasimama kando ya gurudumu la lori akatugeuzia mgongo. Hakusalimia mtu. Kwetu mtu akikutukana bado mna mazungumzo, lakini akikunyima salamu amekuzika.

"Kambale," Masika akasema. "Ndugu yangu. Ilikuwa réseau."

Akacheka bila kugeuka. "Réseau. Kambale makanika tulisafiri naye pamoja, gari moja, tukafika saa ileile. Kesho yake wakamwita, karatasi yake imefika, akaenda. Mimi siku nane. Réseau inajua sura ya mutu? Sema tu, dada. Ulisoma ile karatasi ukakumbuka barua yako, ukaiacha. Sema, nisikie, tumalize."

"Naapa kwa Mungu!"

"Usimuingize Mungu mu réseau."

Masika alinigeukia anisaidie, mimi fundi, mimi mtu wa mashine. Nilikuwa na neno moja tu la kusema, réseau, na ningerudi nyumbani na jina langu zima. Nawaambieni ukweli, nililitamani.

"Haikuwa réseau," nikasema. "Ilikuwa mimi."

Kambale akageuka.

"Karatasi yako ilifika siku ileile. Kulikuwa na mistari ya programu inayolinda watu wenye jina moja. Niliona ni uchafu, nikaifuta. Mashine ikadhani wewe na makanika ni mtu mmoja. Dada yako hakuiona karatasi yako mpaka jana. Alikuwa anakuja kila asubuhi, na mimi namdanganya kila asubuhi."

"Mistari ngapi?"

"Kumi na miwili."

Masika alikuwa ananitazama, na uso wake sitaki kuueleza. "Siku nane," Masika akasema polepole. "Na maharage yangu ukala!"

"Nilikula, mama."

Sikujua kama atanipiga. Angenipiga ningesimama. Lakini nyuma yake kijana alikuwa amekaa chini kwenye vumbi, mgongo kwenye gurudumu, analia na mdomo wazi kama mtoto mdogo, anasema kumbe, kumbe, kumbe. Masika akaniacha, akaenda akachuchumaa mbele yake. Kambale akajifuta uso kwa mkono mchafu, akamtazama dada yake kwa mara ya kwanza.

"Jambo, dada," akasema.

"Jambo, Kambale."